Ua la Mguuni

Wifi yangu Hadija ndiye aliyenisukuma niandike. Alisema, "Wewe si unaandikaga mpaka mvua ikinyesha? Basi andika na hili, kuna mtu litamfaa." Mie niliishia darasa la saba na sijui kama naandika kwa mpangilio unaotakiwa. Ninachoahidi ni kwamba pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika. Na kama wewe unayesoma uko kwenye benchi la kliniki sasa hivi, umeshika bahasha na hujui uifungue au uiache, ujue na mie nilikaa hapo.

Naitwa Thuwaiba. Kwetu ni Tabata, baba yangu ana duka la mchele na sukari, na ukoo wetu ni wa Kiarabu tangu mababu. Nimeolewa Temeke, kwa watu wa pwani wenyewe wa mji huu. Mume wangu, Shabani, ni fundi wa mafriji. Hadija ni dada yake, na kazi yake ni kuchora hina na piko, ile nyeusi, kwa maharusi na kwa wanaojiandaa na Idi. Mama yao tunaishi naye nyumba moja, jina lake Bi Tatu.

Mie ni mweupe. Siyo ule weupe wa kusifiwa, ni weupe wa kuwaka. Kwenye picha za harusi yangu Shabani anaonekana vizuri kabisa, suti mpaka vifungo, na pembeni yake kuna shela lenye kitu kama taa ya mbele ya pikipiki. Hadija aliniita kiazi kilichomenywa. Na siku ya kwanza nilipokunja mikono ya gauni kuosha vyombo pale uani, Bi Tatu alinitazama mikono akasema, "Jamani, huyu mtoto wamemwepua mapema. Hajaiva."

Walicheka wote. Nilicheka na mie, maana ilichekesha kweli. Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyeninyanyasa katika nyumba ile, tangu siku ya kwanza nilipewa kipande cha nyama kilicho kizuri. Lakini neno lile lilinikaa. Nikienda sokoni wananiita Mwarabu na bei inapanda. Nikikaa msibani na mawifi, jicho la mgeni linaanzia kwangu. Nilitaka niwe kama wao, basi. Na cha kuchekesha, majirani zangu hapo hapo Temeke walikuwa wananivuta pembeni: "Shoga, unatumia nini?" Wao na makopo yao ya mkorogo walikuwa wanakuja ninakotoka, mie nakwenda walikotoka.

Kazi yangu ilikuwa saluni moja Mbezi Beach, nawasugua maharusi kwa singo, ule unga wa manukato. Mwenye saluni, nitamwita Madam Eliza, alinunua vifaa vilivyotumika kutoka nje, viti, makarai ya kuoshea nywele, na ndani yake kikaja kitanda cha ajabu. Kina mfuniko. Chini taa, juu taa, ndefu za kibuluu. Unalala katikati, unafunikiwa, unatoka umekuwa wa kahawia. Sie wafanyakazi tulikiita oveni. Tulicheka mpaka tukakaa chini. "Nani atanunua jua Dar es Salaam?"

Walinunua. Watunisha misuli kabla ya mashindano, wageni wa hotelini waliokaribia kurudi kwao bila rangi ya kuonyesha. Na mie. Madam aliniruhusu nilale bure baada ya kufunga, kama shukrani kwa kazi yangu.

Utauliza kwa nini sikutoka nje nikaota jua la Mungu. Kwanza jua la nje halinipi rangi, linanifanya mwekundu kisha nabambuka. Pili, mie ni mtu wa buibui. Miguu yangu ningeianika wapi, kwenye kamba ya nguo? Lakini oveni iko chumbani, mlango umefungwa, pazia limeshushwa, nina kanga yangu kuanzia kifuani mpaka magotini. Hakuna jasho, hakuna kuungua kwa kuona. Nilimwambia Hadija, "Hili ni jua la stara." Nililipenda neno langu hilo. Niliona ubaya wa jua ni ukali wake na kuonekana na watu; kwa hiyo jua la upole, lisilo na mashahidi, litakuwa na ubaya gani? Nilianza nikiwa na miaka ishirini na kidogo, nikaendelea miaka mingi. Nyumbani walijua, wakawa wanatania, "Leo umepita jikoni?"

Na ilifanya kazi. Uso, mikono na miguu kuanzia magotini vikawa vya kahawia. Idi moja Bi Tatu akauchukua mkono wangu, akaulaza juu ya wake, akaulinganisha. "Mwanangu," akasema, "sasa umeiva." Siku ile hata pilau sikulisikia ladha, kwa furaha.

Doa lilianza mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, upande wa mbele. Lini hasa, sijui. Hadija anasema aliliona kwanza Idi ndogo ya mwaka juzi, mie nasema ilikuwa maulidi. Lilikuwa jeusi, dogo kama mbegu ya papai. Mie nilidhani ni tone la piko lililogoma kutoka. Hadija alidhani ni alama ya kuzaliwa. Akaona ni pazuri, akalifanya moyo wa ua, akalizungushia vijani vya hina. Tangu hapo kila nikichorwa, ua lilikuwa hapo hapo. Likawa ua langu. Kwenye harusi watu walimwomba, "Nichore kama la Thuwe."

Idi kubwa ya mwaka jana, siku moja kabla, alasiri, tuko uani kwenye mkeka. Mguu wangu uko mapajani mwake, kachovya ncha, kaanza kijani cha kwanza. Akasimama.

"Wifi, nyoosha mguu."

"Nimenyoosha."

"Ua halienei."

"Lipanue."

"Nimeshalipanua. Harusi ya Mwajuma nililipanua, Idi ndogo hii nikalipanua tena." Aliinamisha kichwa mpaka pua ikakaribia kunigusa. "Wifi, moyo wa ua hauotagi. Mie hapa sichori tena, nalifuata."

"Si piko lako hilo limeganda."

"Piko langu linatoka lenyewe kwa wiki mbili. Hili lina zaidi ya mwaka." Akachukua kitambaa, akafuta alichokwisha chora. "Halafu upande huu limemwagika. Na lina rangi mbili. Hapana."

"Hapana nini? Kesho Idi!"

"Mguu huu sichori."

Alichora wa kulia peke yake. Nilikwenda kusherehekea Idi na mguu mmoja umepambwa na mwingine mtupu, na nilimnunia mpaka jioni. Leo kila nikikumbuka namnunia nafsi yangu.

Daktari wa zahanati alilitazama, akaligeuza kwenye mwanga, akasema maneno ambayo nimemwombea dua kwa ajili yake: "Mama, hili silijui vizuri, na kwa kuwa silijui nakupeleka kwa anayelijua." Akaandika barua ya hospitali kubwa.

Kliniki ya ngozi benchi ni refu na feni ni moja. Pembeni yangu alikaa dada mmoja mwenye ualbino, kavaa kofia pana kama ungo, mikono mirefu, amejipaka mafuta meupe usoni. Jina lake Neema. Alikuja kuchunguzwa, kama anavyokuja kila baada ya miezi kadhaa. Ndiye wa kwanza kuniuliza bila kuzungukazunguka.

"Wewe una nini?"

Nikamwonyesha. Nikamweleza na oveni, sijui kwa nini, labda kwa sababu hanijui. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Ngoja nikuelewe. Jua ulikuwa unalifuata saluni?"

"Ndiyo."

"Mie linanifuata bure tangu nizaliwe, nalikimbia. Wewe unapanda gari kulifuata!" Akaanza kucheka, nikaanza na mie, na benchi zima wakatugeukia. Tulicheka mpaka machozi, halafu yangu yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha. Alinishika mkono. Alipoitwa jina, alisimama akaiacha kofia yake mapajani mwangu. "Ninayo nyingine nyumbani. Hiyo ivae hata juu ya mtandio, usione haya."

Walikata kipande kidogo wakakipeleka kupimwa. Kusubiri kule ndiko kulikokuwa kugumu. Nilikuwa naosha vyombo nasahau kama nimeshaosha. Jibu lilipotoka mvua za masika zilikuwa zimekwisha na upepo wa baridi wa kipupwe umeanza. Saratani ya ngozi, aina wanayoiita melanoma. Daktari, mwanamke kijana kuliko mie, alisema taratibu, akanipa muda. Sikuuliza nitakufa lini. Nilichouliza nakiandika kama kilivyokuwa, kwa sababu Hadija alikuwa nje mlangoni ananisubiri na nilijua anachokiwaza.

"Daktari, ni piko?"

"Piko linaweza kukubabua na kukutoa malengelenge, na nakushauri uachane nalo. Lakini hili siwezi kulitwisha piko."

"Ni taa?"

Akaweka kalamu chini. "Siwezi kukuapia kwamba hili lako wewe limeletwa na taa. Wapo wanaolipata bila kuziona taa hizo maishani. Ila kwamba zinaongeza hatari, hilo halina ubishi. Na inazidi kwa ngozi kama yako, na inazidi ukianza ukiwa kijana, na kila unavyorudia."

"Lakini haziunguzi. Hata jasho hutoki."

"Si joto linaloharibu, mama. Ni mwanga wenyewe. Ngozi haiulizi mwanga umetoka mbinguni au kwenye soketi. Ule ukahawia ulioufurahia ni ngozi inajikinga, imeshaumizwa."

Nilipotoka, Hadija alisimama akiwa ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Nikamwambia kabla hajauliza, "Si piko." Akakaa chini sakafuni pale pale, buibui na yote, akalia. Nilimwambia na leo namwandikia: wifi, ua lako halikuficha kitu. Lisingekuwa ua, nani angepima?

Kilichobaki kujulikana kilikuwa kimoja. Kama saratani imeshatembea mwilini. Daktari alisema watakata doa na nyama ya pembeni yake, watachukua ngozi ya paja kuziba shimo, na watatoa tezi kinenani waipime. Tezi ikiwa safi, nitaishi maisha ya kuchunguzwa. Ikiwa siyo safi, tutazungumza mengine. Hayo "mengine" hakuyafafanua na sikumlazimisha.

Usiku wa maneno ulipita nyumbani, siuelezi wote. Shabani aliuliza, "Nani alikwambia mie nataka mtu mweusi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa?"

"Sasa na hakuna aliyeniambia unanitaka mweupe."

Alichukua bisibisi, akaenda kufungua friji letu ambalo halikuwa na ubovu wowote. Asubuhi nililikuta linafanya kazi vizuri kama jana yake, naye kalala kwenye kiti.

Na Bi Tatu aliacha kuingia chumbani kwangu. Hadija alimweleza yote, pamoja na kwa nini nililala kwenye zile taa. Tangu siku ile namsikia uani, namsikia akikohoa, chakula kinaletwa kimefunikwa vizuri, uji wa mchele wenye iliki kama ninavyoupenda, lakini mwenyewe haji. Nikimsalimia kutoka mlangoni, "Shikamoo mama," anajibu "Marahaba" akiwa ameshageuka. Nilidhani ananiona nimeuletea mkosi mlango wake. Nilidhani vibaya, lakini ndivyo nilivyodhani.

Upasuaji wenyewe siukumbuki. Nakumbuka nesi mmoja ambaye kabla ya kunifunua mguu mbele ya madaktari wanaume alitafuta kanga, akanifunika kote kusikohusika, akasema, "Tutafungua dirisha tu, nyumba nzima haihitajiki." Nakumbuka paja. Ajabu, paja lililotoa ngozi liliuma kuliko mguu uliopokea. Lilikuwa kama nimekwaruzwa na mbuzi ya nazi. Nakumbuka harufu ya bendeji ya siku kadhaa, na ganzi, na muwasho ambao huruhusiwi kuukuna. Mguu ulivimba, na mpaka leo ukizidisha kusimama unavimba, navaa soksi ya kubana kwenye joto hili la kwetu.

Choo chetu kiko uani, tunachangia na wapangaji. Shabani alinibeba mgongoni kila nilipohitaji. Siku ya kwanza niliona aibu ya kufa. Mpangaji mmoja akapaza sauti, "Fundi, leo unahamisha friji gani?"

"La milango miwili," akajibu, "na linaongea!"

Ikawa ndiyo salamu ya uani. Naweka hapa ili ujue kwamba hata kwenye hizo siku tulicheka.

Madam Eliza alikaa kimya kwanza. Nilimlaumu moyoni, kisha nikajiambia labda anaogopa. Alikuja na matunda, akakaa kwenye kigoda. "Thuwe, niliambiwa ni nzuri. Hata kwenye karatasi zake waliandika inaleta vitamini."

"Najua, madam. Na mie hukunilazimisha."

Alikichomoa kitanda kwenye umeme, sasa kinawekewa mataulo. Sijui kama siku akija mteja wa kung'ang'ania hakitachomekwa tena. Sina hakika, nimesema nitasema. Lakini wasichana wa pale nimeongea nao mmoja mmoja.

Jibu la tezi lilikuja vumbi la kiangazi limeanza. Daktari alinipigia mwenyewe. Alisema, "Mama Thuwaiba, tezi ni safi," na mie nikamwomba arudie, akarudia. Sikupiga kelele. Nilikaa nikaangalia mikono yangu, ya kahawia, na nikaona ni mikono tu.

Sasa nakwenda kliniki kila baada ya miezi mitatu. Hatari haijaniaga kabisa, na sitakudanganya kwamba hofu imekwisha; wiki ya kliniki silali vizuri. Katikati ya kliniki, Hadija ananikagua yeye, mgongo na nyuma ya masikio na kati ya vidole, mchana kwenye mwanga mzuri. "Hili lilikuwepo?" "Lilikuwepo." "Una hakika?" "Lilikuwepo, wifi, ulilitukana mwezi uliopita." Maharusi wake nao anawatazama miguu kabla hajachora, na wawili watatu amewaambia waende wakaonyeshe. Hawakukutwa na kitu, na wamemlalamikia kwa kuwatisha. Anasema bora walalamike.

Kofia ya Neema naivaa. Juu ya mtandio, na sioni haya. Watoto wa mtaani kwetu wananiita Mama Ungo.

Kwa hiyo ukiwa na doa linalokua, linalobadilika rangi au linalomwagika pembeni, usilipambe. Onyesha. Na kama kuna mtu anakuuzia au anakupa bure jua la ndani, muulize kwa nini ngozi yako iwe na haja ya kubadilika, na ujiulize na wewe. Mie sina zaidi ya hapo.

Nimeruka jambo moja. Ni la siku ile bendeji zilipotolewa kabisa na nikaambiwa niwe napaka kidonda mafuta ya mgando asubuhi na jioni. Vuli ilikuwa imeanza, mvua nyembamba inanyesha uani. Nilikuwa nimekaa kitandani nauangalia mguu wangu. Ngozi ya paja haikuwahi kuziona taa, ilikuwa chini ya kanga miaka yote. Kwa hiyo pale mbele ya mguu, katikati ya ukahawia, palikuwa na kiraka cheupe, weupe wangu ule ule wa zamani, kimebonyea kidogo, kikubwa kuliko ua lolote alilowahi kunichora Hadija.

Pazia likasogea, akaingia Bi Tatu. Nikataka kuufunika.

"Acha," akasema. Akachukua kopo la mafuta mkononi mwangu, akakaa, akaupakata mguu wangu kama alivyokuwa akiupakata Hadija. Hakunitazama usoni. Akachota kwa kidole kimoja, akaanza kupaka taratibu akizunguka, kutoka pembeni kuja katikati.

"Mie na mdomo wangu," akasema.

"Mama, ulikuwa utani."

"Nilikuwa naogopa kuja kuona." Akaendelea kupaka. Kisha akasimamisha kidole juu ya kile kiraka, akakitazama kwa muda mrefu, na nikamwona anatabasamu machozi yakimtoka.

"Si hii hapa!" akasema. "Rangi niliyokwenda kuiposa Tabata si ndiyo hii hapa?"